Kuvusha Uyoga wa Mama

Mji wa Tunduma sijaupenda hata siku moja. Nalisema hili mapema ili msomaji asingoje sifa. Wako wanaousifu, hasa waliokuja kutoka mbali wakafungua maduka, na hao waliufuata kwa hiari yao. Mimi nilikuwa naingia Tunduma kwa sababu uyoga hauwezi kungoja, na kila nilipoingia nilitamani niwe nimeshatoka.

Kwetu ni upande wa Ndalambo. Wakati huo tulikuwa bado tunahesabiwa Mkoa wa Mbeya, na barabara ya kutoka kwetu ilikuwa tope mvua ikinyesha na vumbi mvua ikikata. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa kuendelea, nikabaki nyumbani. Siongei sana. Hata shuleni mwalimu akiniuliza jambo ninalolijua, jibu lilikuwa linafika kooni na kukaa hapo. Watu wa nyumbani walishanizoea hivyo. Watu wa mjini hawakunizoea, na hawakutaka kunizoea.

Mama yangu alikuwa anaokota uyoga. Mvua kubwa ikishapiga porini na jua likafuata, yeye anajua uyoga upi umeota wapi, kwenye kichuguu kipi na chini ya mti gani. Ana majina yake ya Kinamwanga ambayo Kiswahili hakina. Akirudi anaumwaga kwenye mkeka, anashika mmojammoja, anaugeuza kuangalia chini ya kofia, anaunusa, halafu anauweka kwenye beseni. Anaoutilia shaka anautupa mbali na kuku. Hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kutia mkono kwenye mkeka ule. Hata mimi, mwanawe, kazi yangu ilikuwa kubeba.

Tunduma kulikuwa na masoko mawili yaliyotuhusu. La kwanza tuliliita soko la juu, ambako malori ya mashambani yalikuwa yanashusha asubuhi. Pale uyoga ulinunuliwa na watu wa mji, wanaotaka kila kitu bure na bado wanakutukana. La pili ni soko la mpakani. Huko walikuja wanawake wa Zambia, watu wanaoujua uyoga na kuupenda kuliko nyama, na hao ndio waliokuwa wateja wa kweli. Mji mzima umelala katikati ya masoko hayo mawili kama mlevi aliyelala mlangoni. Lazima umruke.

Mteja mkubwa wa mama alikuwa mwanamke mmoja wa ng'ambo aliyekuwa anawapikia madereva wa malori. Sisi tulimwita bamayo, yaani mama, kama wanavyoitana wenyewe. Madereva wake walitoka mbali, wengine Kongo, na walikuwa wanakula kwake kwa sababu hakuna aliyewahi kuumwa tumbo. Msimu ule watu wa nyumba moja pale mjini walikuwa wameugua vibaya baada ya kula uyoga, na haikujulikana nani aliwauzia. Tangu hapo wanawake wa Zambia waliweka masharti. Ukifika na beseni lako, mnunuzi anatia mkono ndani kabisa, anatoa uyoga mmoja anaoutaka yeye, anakupa. Unauma mbele yake, unatafuna, unameza. Usipouma, huna biashara. Hakuna aliyeliandika sharti hilo popote, lakini hakuna aliyelikwepa.

Basi mwezi ule mama alikanyaga kisiki porini, mguu ukavimba mpaka kiatu kikakataa kuingia. Aliendelea kuokota karibu na nyumbani, akijikongoja na fimbo, lakini lori hakuweza kupanda. Ikawa mimi ndiye wa kwenda. Kabla sijaondoka alinishika mkono, jambo ambalo si kawaida yake.

"Uyoga wangu usikutane na uyoga wa mtu," aliniambia. "Hata kwa bahati mbaya. Bamayo ananunua mkono wangu, si uyoga. Akiniacha huyo, sina mwingine."

Nilimwitikia kwa kichwa. Safari za mwanzo zilikwenda vizuri, kwa maana ya kwamba nilitukanwa tu. Nilikuwa nashuka kwenye lori soko la juu, namtafuta mzee mmoja wa baiskeli ambaye mama alimzoea. Alikuwa na kiti cha mbao nyuma na mipira ya kufungia mizigo. Analifunga beseni, halafu tunatembea, yeye akiisukuma baiskeli na mimi nikishika beseni kwa nyuma, tukipita kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka. Mzee huyo naye alikuwa haongei. Tulivuka mji mzima bila neno, na hizo ndizo saa pekee nilizopumzika Tunduma.

Vijana wa bodaboda walikuwa wananifahamu. Wengi walikuwa rika langu.

"Oya, mama uyoga kaja!"

"Dogo, huna dada nyumbani mpaka ubebe beseni wewe?"

"Mwacheni huyo, Mnamwanga. Ukimsalimia anaitika kesho."

Wakinisikia nasema neno moja, walilirudia kwa sauti ya kuvuta, kama wanaimba, kwa sababu sisi tunaongea Kiswahili na mdundo wa kwetu. Kwa hiyo nilikuwa sisemi hata hilo moja.

Siku ninayotaka kuieleza, nilishuka kwenye lori nikakuta baiskeli zimefukuzwa barabarani. Ilisemekana kuna mgeni mkubwa anapita kwenda mpakani, na mgambo walikuwa wamesimama na fimbo zao wakirudisha kila kitu chenye pedali. Mzee wangu sikumwona. Niliuliza muuza maandazi mmoja kwa ishara zaidi kuliko maneno, naye akasema, "Baiskeli leo hakuna. Kapande bajaji kama wenzako. Na usiniegemee kwenye meza."

Bajaji zilikuwa bado ngeni mjini, na madereva wake walijiona kama marubani. Aliyenikamata alikuwa kijana mwenye miwani ya jua asubuhi ya mawingu. Hakuniuliza ninakwenda wapi. Alilishika beseni langu, akalivuta, mimi nikalivuta, naye akashinda kwa sababu niliogopa uyoga usikatike. Akaliweka kwenye nafasi iliyo nyuma ya kiti, pale wanapoweka mizigo.

"Mpakani, mpakani, bado watu wawili!" akapiga kelele. Kwa kweli ndani nilikuwa mimi peke yangu.

Wa pili kupanda alikuwa mwanamke niliyemfahamu kwa sura. Tulikuwa tumekuja naye kwenye lori lilelile. Anatoka kijiji cha mbele ya kwetu, mwanamke mnene, mwepesi wa maneno, na yeye pia alikuwa na beseni la uyoga, kubwa kuliko langu. Lakini huyo haokoti. Hununua kwa watoto wa vijijini, huyu kibakuli, yule kibakuli, wote anaumwagia humohumo. Nani ameokota wapi, hajui na hataki kujua. Kule kwetu kila mtu anajua hivyo.

"Wewe si mtoto wa yule mwenye mguu?" aliniuliza akikaa. Nikaitika kwa kichwa. "Mguu bado?" Nikaitika tena. "Na ulimi wako nao umevimba?"

Dereva alicheka sana. Akaliweka beseni la yule mwanamke nyuma, kando ya langu. Nilijigeuza nikaona kati yao kuna nafasi kama ya vidole. Nikanyosha mkono wangu nikauweka hapo katikati, na nikakaa hivyohivyo, nimejipinda kama mtu mwenye maumivu ya mgongo.

Halafu akaja mwanamume na mfuko wa saruji begani. Alitaka kwenda karibu na mpakani, na alitaka kwenda na saruji yake. Dereva alikwenda nyuma akatazama. Nilimwona akipima kwa macho: saruji, mabeseni, saruji. Nilijua anachotaka kufanya kabla hajafanya. Nilifungua mdomo.

"Toa mkono," aliniambia.

Sikuutoa. Aliushika akautoa mwenyewe, kama unavyotoa mkono wa mtoto kwenye sufuria. Halafu akalinyanyua beseni langu, akaligeuza, akamimina uyoga wote wa mama ndani ya beseni la yule mwanamke. Akautikisa ushuke. Beseni langu tupu akalisokomeza chini ya lile kubwa, na mfuko wa saruji ukakaa mahali pake.

"Kaka," nilisema.

"Nini? Uyoga si uyoga? Mtagawana huko mbele ya safari. Mama mkubwa, kuna neno?"

Yule mwanamke aligeuka, akatazama, akapandisha mabega. "Mimi sina neno. Tutagawa kwa bakuli. Twende, jua linapanda."

"Na wewe dogo, una neno?"

Nilikuwa nalo. Lilikuwa neno refu, lenye mama ndani yake, na mkeka, na bamayo, na watu walioumwa. Nililiona lote kichwani kama maandishi ubaoni. Dereva alingoja kidogo, kwa dharau, akiwa ameinamisha sikio. Halafu akapiga kiki bajaji yake.

Njia ile sikuiona. Najua tulikwama kwenye foleni ya malori. Najua dereva alipanda juu ya njia ya miguu, akampigia honi mama mmoja mwenye mtoto mgongoni, na yule mama akaipiga bajaji kofi. Mwenye saruji na dereva walibishana kuhusu nauli mpaka wakatajiana wazazi. Mimi nilikuwa nimegeuka nyuma nikiutazama uyoga. Nilijaribu kuutambua wetu. Mwanzoni niliona juu juu kama wetu uko upande huu, wake upande ule. Lakini kila shimo barabarani liliutikisa, wa juu ukazama, wa chini ukapanda, na tulipofika kona ya mwisho nisingeweza kukuonyesha hata mmoja na kuapa.

Soko la mpakani lilikuwa limeshachangamka. Wanawake wa Zambia walikuwa wanapita katikati ya mafungu wakiulizana bei kwa lugha yao, "Shinga? Shinga?", na wauzaji wa kwetu wakijibu kwa Kiswahili, na wote wakielewana bila kupendana. Sehemu ya mama ilikuwa mbele ya duka la vitenge la mwanamume mmoja wa Kondoa, mtu wa swala tano, aliyewavumilia wauza uyoga mradi wasizibe mlango wake. Yule mwanamke alinifuata mpaka pale pale.

"Leo tunauzia hapa hapa," alisema, akitua beseni. "Hapa pana wateja. Wewe kaa, usiseme kitu, hilo unaliweza. Wakimaliza tunagawana."

Nilielewa. Alikuwa anautaka mkono wa mama. Mahali pa mama, mtoto wa mama, na beseni moja.

Nilikaa. Ningeweza kuondoka, lakini ningeondoka na nini? Beseni tupu. Nilijiambia labda bamayo leo hatakuja, labda mgeni mkubwa amefunga mpaka, labda madereva wake wamekula samaki. Nilikuwa bado najiambia nilipowaona watu wanapisha, na bamayo huyo anakuja, mrefu, kitenge juu ya kitenge, mfuko mtupu mkononi.

"Mama, mguu?" aliuliza. Kiswahili chake kilikuwa cha maneno machache, na hakupoteza hata moja.

"Bado," nilisema.

Alimtazama yule mwanamke kando yangu. Alilitazama beseni. Sijui kama aliona ni jingine. Aliinama, akatia mkono mpaka kwenye kiwiko, akatafuta huko chini taratibu, akatoa uyoga mmoja. Ulikuwa wa wastani, kahawia, na tope kidogo kwenye mguu. Akanipa.

"Lya," alisema. Kula.

Niliushika. Niliugeuza kama mama anavyougeuza. Niliunusa. Ulinukia kama uyoga. Yote aliyokuwa anayaona mama pale chini ya kofia mimi sikuyaona, maana hakunifundisha na sikuwahi kumwomba anifundishe.

"Lya, iwe. Kuna nini?" Iwe kwao ni wewe.

"Mtoto ana aibu," yule mwanamke alisema akicheka. "Ndivyo alivyo, bamayo. Kula, mwanangu, usitucheleweshee mteja."

Wauzaji wa kando walianza kugeuka. Kama ningeuma na ukawa mzuri, bamayo angenunua beseni zima, na kesho yake labda dereva mmoja wa Kongo angekunjika chini ya lori lake kwa sababu ya mwingine uliokuwa kando ya ule. Na bamayo angesema, nilinunua kwa yule mwenye mguu.

"Huu siyo wa mama," nilisema.

"Sema nisikie," bamayo alisema.

"Huu siyo wa mama yangu!" Sauti ilitoka kama ninafukuza ng'ombe shambani. "Umechanganywa! Siujui huu!"

Yule mwanamke akasimama.

"Umesemaje?" Aliligeukia soko zima. "Jamani, mmemsikia huyu? Nimemsaidia, nimempakiza, nimekaa naye, sasa ananiambia uyoga wangu ni sumu!"

"Sijasema sumu."

"Umesema nini basi? Umesema mimi mchawi? Sema! Sauti si unayo leo?"

"Nimesema siujui."

"Haujui! Mtoto wa kiume anakaa kwenye uyoga wa wanawake halafu haujui!"

Watu walicheka. Mmoja akasema kwa nyuma, "Huyo ndiye aliyewaua wale." Hakuna aliyekuwa amekufa, waliumwa tu, lakini neno lilishatoka na likapokelewa. Mwenye duka la vitenge alitokea mlangoni na kofia yake.

"Kijana, ule au uondoke," alisema. "Mambo ya sumu mbele ya duka langu sitaki. Kwani mmekosa pengine pa kugombana?"

Yule mwanamke alininyang'anya uyoga ule mkononi. Akauma. Akatafuna mdomo wazi, watu waone. Akachukua wa pili, akauma. Akachukua wa tatu, mkubwa, akaula mpaka mguu wake.

"Nimekufa?" aliuliza. "Nitazameni vizuri. Nimekufa?"

"Bado!" watu walijibu kwa furaha.

"Na sasa nisikilizeni. Mmesikia kwa masikio yenu, kasema uyoga huu siyo wa mama yake. Si kasema? Basi kama siyo wa mama yake, ni wa nani? Ni wangu wote!" Akalivuta beseni kubwa mbele yake, akalichomoa langu chini na kulitupa miguuni kwangu. Likazunguka kidogo kama sarafu, likalala.

Nilitaka kusema nusu ni yetu. Lakini sauti niliyokuwa nayo ilikuwa ya mara moja tu, na ilishatumika. Nililiokota beseni.

Wanawake watatu au wanne wa kwetu walinunua kwake hapo hapo, kwa sababu ya kicheko. Bamayo hakununua. Alikuwa amesimama muda wote akinitazama mimi, si yule mwanamke, na uso wake haukuwa na huruma hata kidogo.

"Bamayo, chukua basi," yule mwanamke alimwambia. "Umeona nimekula."

"Awe," bamayo alisema. Hapana. Halafu akaninyoshea kidole. "Madereva watakula nini leo? Kabeji? Iwe, umeniharibia siku." Akasogea karibu. "Kesho kutwa. Beseni la mama, peke yake. Ukija na mtu, mimi sikujui, na mama simjui."

Akaondoka na mfuko wake mtupu.

Lori la kurudi kwetu lilikuwa moja tu. Liliondoka mchana likiwa limebeba chumvi, saruji na mabati, na sisi juu yake. Nilipanda mapema nikakaa pembeni kabisa. Yule mwanamke alipanda wa mwisho, akatazama nafasi zote, akaja kukaa ng'ambo yangu, magoti yetu yakikaribiana. Alikuwa ameuza uyoga wote.

Ninakiri kwamba nilimtazama. Nilianza mara tu tulipoacha lami. Nilitazama jasho lake, nilitazama macho yake, nilitazama kama anashika tumbo. Lori likirukaruka alijishika kiuno, na mimi nikanyanyuka kidogo. Kisha akasema, "Unaningoja nife?"

Nilitazama mabati.

"Tazama tu. Tazama vizuri, usije ukakosa. Haya, nimepiga mwayo, ni sumu hiyo. Nimejikuna, andika." Abiria wengine walikuwa wanasikiliza. "Mnajua anangoja nini huyu? Anangoja nianguke ili aonekane mkweli. Kijana, mimi nimekula uyoga wa watoto wa watu tangu mama yako hajaolewa."

"Basi shangazi, mwache," mzee mmoja alisema.

"Simwachi. Amenikana mbele za watu, na bado ananihesabia pumzi."

Hakufa. Hakutapika hata. Niliyeshuka kwanza ni mimi, na mama alikuwa amesimama njiani na fimbo yake, maana alisikia lori. Kabla sijashusha mguu, yule mwanamke alishainuka juu ya saruji.

"Mama nanihii! Mwanao leo kakukana! Kasema kwa sauti soko zima lisikie kwamba uyoga siyo wako! Muulize!"

Mama alimtazama mpaka lori lilipoondoka. Halafu akalitazama beseni tupu, akanitazama na mikono yangu mitupu.

"Nani alichanganya?" aliuliza kwa Kinamwanga.

"Dereva wa bajaji."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

"Ndani ya bajaji."

Alianza kutembea kuelekea nyumbani, na mimi nyuma yake, kwa mwendo wa fimbo. Nilimweleza yote kwa sehemu, akiuliza, nikijibu. Nilipofika pale bamayo aliponipa uyoga, alisimama.

"Hukuuma?"

"Sikuuma."

"Hata ncha?"

"Hata ncha."

"Akasemaje?"

Nikamwambia: kesho kutwa, beseni peke yake. Mama alivuta pumzi, na kwa dakika nzima nilidhani atanisifu. Nilikuwa nimejitayarisha.

"Uyoga wa siku mbili umekwenda bure," alisema, "na yule mama ameula akashiba. Kesho kutwa hutapanda kitu chochote. Baiskeli, bajaji, sitaki kusikia. Utaubeba kichwani kutoka lori mpaka mpakani. Na ukichoka, hutatua."

Ndivyo ilivyokuwa. Siku hiyo mvua ilikuwa imenyesha alfajiri, na kandokando ya barabara palikuwa na uji mwekundu wa tope. Nilitembea katikati ya malori na nyumba, beseni kichwani, mkono mmoja juu na mwingine ukisukuma watu. Konda mmoja alinisukuma na mimi. Bodaboda waliniita jina jipya, Siujui, kwa hiyo habari zilishafika soko la juu kabla yangu. "Siujui, unakwenda wapi?" "Haujui!" Kijana wa miwani ya jua alinikaribia na bajaji yake, akaenda sambamba nami kwa mwendo wa konokono, akipiga honi.

"Panda, Siujui. Leo nakubeba peke yako, bila saruji. Shingo itakatika."

Sikumtazama, kwa sababu ningegeuza shingo beseni lingeanguka. Alichoka kunifuata mbele ya kituo cha mafuta, akanirushia tope kwa gurudumu lake na kuondoka. Nilijua tope limefika mgongoni. Nilinyosha vidole kuhakikisha halijafika juu.

Bamayo alikuwa ameshafika, amesimama mbele ya duka la vitenge. Mwenye duka alikuwa anamwomba asogee mlangoni, naye hakusogea. Nilitua beseni. Shingo yangu ilikuwa imekakamaa kiasi kwamba niligeuka kwa mwili mzima. Alinitazama juu mpaka chini, tope langu lote.

"Umechelewa," alisema, akatia mkono.